Jina Lililo Juu ya Gunia

Andika, Ansima, na usipambe. Andika kwanza kwamba baba yangu aliitwa Ntakwinja, na alizaliwa Katana, kwenye mteremko unaoshuka hadi ziwani. Mama yangu aliitwa Nabintu, naye alizaliwa Kabare, penye baridi, akaletwa Katana kwa ng'ombe wa mahari akiwa bado msichana. Mimi ni mtoto wao wa kwanza. Baada yangu alizaliwa Bisimwa, na baada ya Bisimwa mama hakuzaa tena. Majina hayo yakae mwanzoni, kabla ya neno lingine lolote. Sababu yake utaiona tutakapofika mwisho, na ukiiona mapema, nyamaza uendelee kuandika.

Mimi sikusoma. Sikukaa hata siku moja kwenye benchi la shule. Kiswahili hiki ninachokusemesha, ambacho wewe na wenzako mnakicheka kwa kuwa hakifanani na cha Cimpunda tunakoishi, nilikipata kazini, kwa mzee mmoja wa Uvira aliyeitwa Salumu. Babu zake walitoka pwani ya mashariki wakifanya biashara, wakakaa. Yeye alisema kwamba asiyejua kuandika lazima aseme kwa uangalifu kuliko anayejua, kwa sababu hana mahali pa kusahihisha. Nimelishika neno hilo. Ndiyo maana nitakukemea ukiniandika ovyo.

Waeleze kwanza wenzako watakaosoma kwa nini nimekuita leo. Jumamosi iliyopita ulirudi kutoka Ibanda umeshika pakiti ya kahawa inayong'aa, ukaniwekea mimi babu yako magotini.

"Koko, nilikuletea kahawa ya kweli. Ya Italia."

"Nani amekuambia ni ya Italia?"

"Si imeandikwa! Angalia, iko na bendera yabo."

"Na huko Italia, kahawa inaota kwenye mlima gani?"

Ulicheka, ukasema, "Koko, weye unapendaka matata." Nikaifungua, nikainusa, nikaweka chembe kwenye ulimi. Sikuweza kukuambia imetoka wapi. Kahawa ikiwa bado na ganda lake, niletee, nitaiuma na kukuambia kama imekaushwa juani au juu ya moto, kama imelala penye unyevu, kama mwenye kuivuna alikuwa na haraka. Lakini kahawa iliyokwisha kuchomwa na kusagwa ni kama mtu aliyenyolewa kichwa na kuvalishwa nguo za wengine. Nilichokijua ni kwamba Italia hakuna shamba la kahawa. Walichofanya wao ni kuichoma, kuichanganya na kuifunga. Ukaacha kucheka, ukauliza, "Sasa hii maandishi inasemaka nini?"

Nilikaa siku nne bila kukujibu. Ulidhani nimekasirika.

Sikiliza basi. Tangu kabla baba yako hajazaliwa hadi magoti yaliponikatalia, kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kwenye magunia ya kahawa, katika depo moja karibu na bandari hapa Bukavu. Kahawa ilipokwisha kuchaguliwa na kupimwa, gunia lilishonwa mdomo na kuletwa kwangu. Nililitandaza juu ya ubao, nikaweka bati lililotobolewa herufi, nikapitisha brashi ya rangi nyeusi. Bati likiinuliwa, jina la nchi linabaki. Kutoka kwangu gunia lilipanda lori, likaenda Mombasa, likapanda meli. Watu wa Ulaya walijua kahawa hiyo ni ya wapi kwa mkono wangu mimi, mtu asiyeweza kusoma alichokipiga.

Msiidharau kazi hiyo. Ina elimu yake. Brashi ikinywa rangi nyingi, rangi hupita chini ya bati na herufi huvimba kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Ikinywa kidogo, maneno hufika Mombasa yamekwisha kusuguliwa. Brashi lazima ikatwe nywele zake ziwe fupi na ngumu, kisha igongwe, isipakwe. Ukipaka, umeharibu. Gunia jipya la juti lina mafuta ya kiwandani, na rangi haishiki mpaka ulisugue kwa kitambaa chenye majivu. Na baada ya kupiga, usiweke gunia juu ya gunia kabla halijakauka, kwa sababu herufi huhama.

Hilo la kuhama nililijua kwa aibu. Nilikuwa bado kijana. Mchana mmoja, kwa uchovu, nilikaa juu ya gunia nililolipiga chapa muda huo huo, nikala mihogo yangu, nikainuka, nikashuka soko la Nyawera kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Msichana mmoja aliyeuza samaki aliniacha nipite, kisha akapaza sauti.

"Papa, simama kwanza! Weye banakupeleka Mombasa lini?"

"Mombasa kufanya nini?"

"Si uko na chapa ku matako! Bamekupima kilo ngapi?"

Soko lote likageuka. Mwingine akasema, "Geuka, papa, geuka tusome vizuri!" Na wa tatu, "Bamama, hii njo ya Zaire ya kweli, orijinale, musiache ipite!" Nilinunua sambaza zangu nikitembea kinyumenyume hadi ukutani. Msichana yule aliyeanza alikuwa Faida, bibi yako. Mpaka anafariki alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye peke yake mjini Bukavu aliolewa na mwanamume aliyekuja na maandishi ya kuonyesha anakotoka.

Lakini hebu tazama hata chapa ile. Suruali yenyewe niliinunua ikiwa imekwisha kuvaliwa na mtu wa Ulaya. Pamba labda ilivunwa nchi moja, uzi ukasokotwa nchi ya pili, ikashonwa nchi ya tatu. Kilichotoka kwetu ni matako peke yake. Na bado mtu akiisoma suruali ile angesema: ya Zaire.

Mzee Salumu ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi. Yeye alisoma, na mabati yote aliyakata kwa mkono wake. Siku alipoona nimeanza kuijivunia kazi, aliniuliza mbele ya wenzangu, "Gunia hili linasema nini?"

"Linasema jina la nchi."

"Kwa maana gani?"

"Kwa maana kahawa imezaliwa hapa."

Akanipiga konzi. "Hujajua kitu. Linasema kwamba limefungwa hapa, na kwamba aliyelifunga amekubali kulisimamia jina hili. Basi. Kahawa yenyewe haina mdomo, bwana mdogo. Anayesema ni aliyeshika brashi."

Muda mfupi baadaye akanionyesha maana ya pili. Lori letu lilipinduka kwenye makona ya Ngomo, likiwa limebeba kahawa ya depo yetu na ya depo nyingine. Tulipofika, wanakijiji walikuwa wamekwisha kuyakusanya magunia, na mkubwa wao alikuwa akiyagawa kwa kufuata chapa. Mfanyakazi wa depo ile nyingine alilia mbele yetu kwamba magunia fulani, yenye chapa yetu, ni yao. Waliishiwa mifuko mizuri wakatumia ya kwetu iliyochakaa. Alisema kweli. Mimi mwenyewe niliiuma kahawa ile nikajua si yetu. Lakini mkubwa wa kijiji alimwambia, "Papa, sisi tunafuata yenye iko imeandikwa." Tukapewa.

Njiani kurudi Mzee Salumu hakufurahi. Aliniambia, "Shika hili. Mzigo ukianguka njiani, haurudishwi kwa mwenyewe. Unarudishwa kwa jina lililo juu yake."

Nililishika kama mnavyoshika ninyi masomo ya mtihani, ili kulisema likiulizwa.

Ninajua ninyi vijana mnapenda mtu awaambie kwa kifupi namna ya kununua. Nitawaambia ninachokijua, lakini msitake niwape cha shule. Nenda Nyawera, umuulize muuza viatu: hivi ni vya wapi? Atasema, "Bya Dubai hibi, tonton, gusa tu!" Mimi niliwahi kumuuliza mmoja, "Na huko Dubai ng'ombe wa ngozi hii walilishwa majani gani?" Akasema, "Eh, muzee, weye unataka kununua kiatu ao unataka kuoa?" Alinishinda. Lakini yeye aliposema Dubai alimaanisha kwamba tajiri wake alivipakia Dubai. Labda vilishonwa China, na soli ikatoka kwingine. Hakudanganya. Alitaja mlango wa mwisho aliouona.

Wewe mwenyewe, Ansima, uliponisomea pembeni ya redio yangu, maneno yalisema kwamba imebuniwa nchi moja na kuunganishwa nchi nyingine. Vipande vilipotoka, hakuna aliyeandika. Mkiona imeandikwa kwamba kitu kimefungwa mahali fulani, jueni ni mfuko tu unaosemwa. Mkiona bendera bila neno, bendera hiyo haijaahidi chochote. Na mkiona jina la nchi kubwa, msipumzishe macho. Gusa, vuta, nusa, tazama mshono kwa ndani, muulize anayekiuza amekipata kwa nani na kama atakipokea kikiharibika. Chapa si adui yenu. Inasema kitu kimoja cha kweli, na ninyi mnaisikia ikisema kumi.

Sasa punguza mwendo, kwa maana haya sijayasema kwa mtu yeyote.

Baba alipofariki, kahawa yake ilibaki kwa Bisimwa. Mimi nilikuwa mjini na mshahara, yeye alikuwa na miti. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mikono mipana, na kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya baba, nasema hivi bila upendeleo. Lakini wanunuzi wa Bukavu walichelewa kufika, na walipofika walitoa bei ambayo ilimfanya mtu atamani kuing'oa miti apande mihogo. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ile nyingine, walitoa bei nzuri. Kwa hiyo watu wa Katana walianza kuvuka na mitumbwi. Sitaki mtu aandike kwamba watu wa ng'ambo ni wabaya. Walinunua kilicholetwa mlangoni kwao. Tungekuwa sisi, tungenunua.

Siku moja Bisimwa alinikuta depo, amebeba gunia tupu lililokunjwa chini ya kwapa.

"Yaya," ndivyo alivyoniita kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "kule sasa banauliza. Gunia yenye haina chapa banaikamata ku bandari yabo. Yenye iko na chapa yabo inapita."

"Na kwangu unataka nini?"

"Hii ni gunia yabo. Weye njo fundi. Angalia tu, unikatie bati kama ile."

"Bisimwa, huo ni uongo."

"Uongo gani, Yaya? Miaka yote unapigaka chapa ya bwana wa depo ku kahawa yetu. Yeye alilima? Leo pigia mudogo wako."

Nikalipokea gunia. Na niseme kweli yote, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumwonea haya: si yeye tu aliyenishinda. Nilitaka kujua kama ninaweza. Maisha yangu yote nilikuwa nimegonga brashi juu ya mabati ya Mzee Salumu. Kukata langu mwenyewe, kwa herufi nisizozijua, kwa kuzifuata kama mtu anayefuata nyayo, hicho kilinivuta.

Nilipasua kopo la mafuta, nikalinyosha, nikalikata kwa kisu na patasi ndogo. Kwenye herufi ya tatu kisu kiliteleza, kipande kikakatika. Nikakishikiza kwa waya mwembamba. Waya huo uliacha mstari mweupe ukikata herufi ile katikati, mwembamba kama unywele. Nikamwonyesha Bisimwa. Akasema hakuna atakayeuona. Tukapiga magunia sita nyumbani kwangu, Jumapili, baada ya misa. Aliyatazama yakikauka kwenye ukuta, akanipiga bega akicheka.

"Yaya, hii kazi! Hata Mungu atasema inatoka kule!"

Kesho yake Mzee Salumu alinikuta nikisugua ubao wa kupigia, kwa maana nilikuwa nimeuazima, na rangi ilikuwa imepenya na kuacha kivuli cha maneno. Alikisoma. Aliniuliza, "Jina hili umempa nani?"

"Hakuna, mzee."

"Sikukufundisha hivi," akasema, akaenda zake. Nilifikiri anahofia magunia ya depo.

Bisimwa alivuka mara mbili, akarudi na chumvi, sabuni na blanketi la mama. Mara ya tatu upepo uliwakuta katikati ya maji. Walikuwa wawili, yeye na mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi alitupwa ufukweni kwetu siku ya pili, akazikwa na watu wake. Bisimwa hakuonekana.

Mama alinituma kwa maneno machache. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono yake imelala mapajani kama vitu visivyo vyake.

"Enda umutafute. Ukimupata muzima, umulete. Ukimupata amekufa, umulete pia. Asilale kwa batu benye habamujue jina."

Nikaapa.

Nilifuata ufukwe, kijiji kwa kijiji, kisha nikavuka hadi kisiwa cha Idjwi, ambacho bado ni nchi yetu. Siku ya sita nilimkuta mzee mmoja akisuka kikapu mbele ya nyumba, na mke wake akianika mihogo. Nikawasalimu, nikaeleza.

"Ninatafuta mudogo wangu. Alipotea mu ziwa. Ni mutu wa Katana."

"Mutu wa Katana hatukuona," akasema mzee. "Pole sana, papa."

"Hamukuona mutu yeyote?"

"Tulipata moja. Lakini haiko wenu ule. Ni mutu wa ng'ambo."

"Mulijuaje?"

"Alikuwa amejifunga na kamba ku gunia ya kahawa. Gunia ilikuwa na chapa ya ng'ambo. Mwalimu wetu alisoma, akasema, huyu ni wa kule. Tukatuma neno kule na bachuuzi, tukangoja siku mbili. Hakuna mwenye alikuja. Jua lilikuwa kali, papa. Tukamuzika."

Kahawa yenye ganda huelea kwa muda, Ansima. Bisimwa alilijua hilo, akajifunga ili aelee nayo. Ilimfikisha. Kama gunia lile lisingekuwa na maandishi, wangetuma neno pande zote. Wangetuma Katana kwanza, kwa maana Katana ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini walikuwa watu waaminifu, na walifuata kilichoandikwa. Nani angewalaumu? Hata mimi nilikuwa nimepokea magunia ya watu kwenye makona ya Ngomo kwa njia hiyo hiyo.

Nikauliza, "Gunia liko wapi?"

Mwanamke akaonyesha kwa kidevu. Mihogo yake ilikuwa juu yake. Aliisukuma kando kwa mkono, na nikaona herufi ya tatu, na mstari mweupe ukiikata katikati, mwembamba kama unywele. Sikuhitaji mwalimu.

Walinipeleka. Ilikuwa nyuma ya migomba, mahali wanapozikwa wasio na jamaa. Hakukuwa na msalaba, kwa sababu hawakujua jina wala dini. Mvua ilikuwa imeanza kuusawazisha udongo. Mzee yule alivua kofia, akaniuliza kwa upole, "Papa, labda ni ndugu yako kweli?"

Nikasema hapana.

Uandike neno hilo peke yake kwenye mstari wake, na usilipunguze. Nilisema hapana. Kukubali kulikuwa na swali la pili nyuma yake: kama ni wa Katana, gunia la ng'ambo lilimpataje? Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa limesimama pale na rangi nyeusi chini ya kucha. Niliogopa depo, niliogopa askari wa ziwa, lakini zaidi ya wote nilimwogopa mama. Nilijifanya ninafunga kamba ya kiatu, nikaweka mawe matatu kichwani pa kaburi. Kisha nikamwomba yule mwanamke gunia, nikampa koti langu.

"Papa, hii gunia imetoboka, na koti yako ni mupya!"

"Chukua tu, maman."

Nikarudi Katana. Mama alikuwa kwenye kizingiti kile kile. Nikasema, "Sikumupata."

Alinitazama, na nikaona uso wake ukifunguka. Hilo sikulitarajia. Akasema, "Basi iko muzima. Mutu akikufa ziwa linamutapikaka. Bisimwa amebakia kule ng'ambo, ameoa, anaona haya kuniambia."

Nami nikanyamaza. Ningeweza kusema siku ile, au kesho yake. Kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi, mpaka likawa halibebeki. Kwa miaka yote iliyobaki, kila siku ya soko, mama alishuka ufukweni kuwauliza waliotoka na mitumbwi. "Mukimuona Bisimwa, mumuambie mama yake bado anakulaka mahindi na meno yake." Watu walizoea, wakamwitikia, "Tutamuambia, mama." Alipokuwa anafariki alinishika mkono akasema, "Akirudi, umuonyeshe kaburi yangu." Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokufa, akiwa hajui kwamba mtoto wake yuko upande huu wa maji, katika nchi yake mwenyewe, kama mgeni, kwa sababu ya brashi ya mtoto wake mwingine.

Kazini nilirudi siku ya tatu baada ya kutoka Idjwi. Mzee Salumu alinipa brashi bila kuniuliza habari. Jioni tulipokuwa tunaosha mikono kwa mafuta ya taa, alisema kwa sauti ndogo, "Alirudishwa wapi?" Nikasugua kucha zangu. Akanishikia kopo mpaka nikamaliza kunawa. Hakulitaja tena, na mimi nikapiga chapa miaka mingine mingi, kila gunia, kila siku.

Sasa umepata jibu lako, Ansima. Uliuliza maandishi yanasema nini. Yanasema jina ambalo mtu wa mwisho aliyeshika mzigo alitaka lisomwe. Mara nyingi ni mtu mwaminifu, na jina ni la kweli kwa kiasi chake. Lakini nyuma yake kuna waliolima, waliochuma, waliobeba, na hao hawakupewa nafasi kwenye mfuko. Mtakaposhika kitu dukani, someni, kisha ulizeni. Msikisifu kwa sababu ya nchi iliyoandikwa, na msikidharau cha kwetu kwa sababu kimekuja bila bendera. Pakiti uliyoniletea tutainywa. Ni kahawa nzuri, na kuna mtu aliyeichuma.

Yanayobaki ni maagizo, wala si maombi.

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Ndani yake kuna gunia lile. Lihifadhi. Usilifue, usitie maharage, usimwachie mama yako alifanye la kufutia miguu. Bati la ng'ambo usilitafute. Nililipinda kwa jiwe nikalitupa ziwani niliporudi Bukavu, na huko nako kulikuwa kujificha. Bati la nchi yetu, alilolikata Mzee Salumu na kunipa siku ya kuagana, liko chini ya gunia. Hilo pia lihifadhi, lakini usilipige juu ya kitu ambacho hukukiona kikizaliwa.

Likizo ikifika, na boti zikiwa zinakwenda, vuka hadi Idjwi pamoja na baba yako. Kabla hamjavuka, umsomee haya yote, kwa maana hayajui. Nimekutajia kijiji, usikiandike hapa, kishike kichwani. Wazee wale hawatakuwapo, lakini watoto wao wapo, na migomba huota palepale. Tafuta mawe matatu. Waombeni msamaha kwa niaba yangu watu wa pale, kwa kuwa walimzika vizuri na mimi niliwadanganya. Chukua udongo kidogo, uuweke kwenye kaburi la mama yangu Katana, umwambie kwa sauti kwamba amerudi. Mwambie pia ni nani aliyemchelewesha.

Na pale penye mawe matatu simamisha msalaba wa mbao ngumu. Magunia niliyoyapiga chapa sikuyahesabu, na katika yote sikuandika neno hata moja. Hili uliandike wewe, kwa mkono, bila bati, kwa rangi isiyotoka:

Bisimwa, mtoto wa Ntakwinja na Nabintu. Alizaliwa Katana.

Sasa nisomee, taratibu, nisikie kama umeliandika sawa.